Simu ya Pili

Tukuyu mvua haiombi ruhusa. Inanyesha asubuhi, inapumzika kidogo watu wale chakula cha mchana, halafu inaendelea pale ilipoachia. Ndiyo maana mwanamke mwenye koleo ndogo, uzi wa nailoni na kibanda cha bati pembeni mwa soko anaweza kuishi vizuri bila kumpigia mtu magoti. Subilaga alikuwa navyo vyote vitatu. Alikuwa pia na benchi la watu wanne ambalo kwa kawaida lilikaliwa na sita, kwa kuwa mwenye mwavuli uliovunjika hana pa kwenda mpaka utengenezwe.

Watu wa sokoni walimpenda kwa jambo moja lililowashangaza: hakusema "njoo kesho". Kila mtu anawajua mafundi. Fundi nguo, fundi viatu, fundi wa magari yanayojiendesha, wote wametoka tumbo moja, na neno la kwanza walilofundishwa na mama yao ni hilo. Kesho ukija, kitambaa chako bado kimo kwenye mfuko uleule uliokuja nao. Subilaga naye alianza hivyohivyo, maana kazi alijifunza kwa mzee mmoja wa Kyela aliyemwachia kibanda, na mzee yule alikuwa bingwa wa kesho. Mpaka mama mmoja muuza ndizi alipokuja mara tatu kufuata mwavuli wake, mara zote tatu akalowa chapachapa, na mara ya tatu akasema bila hata hasira, "Ungeniambia Ijumaa, mwenzangu, ningeazima wa jirani." Subilaga aliona haya hadi masikio yakapata moto. Tangu siku hiyo, kama ni Ijumaa alisema Ijumaa, na kama mwavuli haufai tena alisema haufai. Wengine walinuna, lakini walikwenda kuazima.

Huu ulikuwa mwaka wake wa tatu kwenye kazi hiyo, na alikuwa na furaha. Tuseme wazi, maana wengi wakiacha vyeo hujifanya wana furaha ili wasichekwe. Yeye alikuwa nayo kweli. Alipenda namna ubavu wa chuma unavyonyooka chini ya koleo. Alipenda kuufungua mwavuli aliokwisha kuushona, kuutazama kwa ndani dhidi ya mwanga akitafuta tundu, na asilione. Alipenda kwamba kazi ikiisha imeisha, mwenyewe anaishika mkononi na kuondoka nayo mvuani, na jioni hakuna mtu anayekufuata kitandani kukuuliza kwa nini.

Kabla ya hapo, kwa miaka kumi na mmoja, alikuwa mwamuzi katika Kituo cha Uokoaji, Mbeya. Vijijini walikiita "kwa vipanga", kwa sababu zile ndege zisizo na rubani zilishuka uani ghafla, zikamnyakua mgonjwa na kupaa, na kuku wote wakakimbilia uvunguni. Vipanga vilikuwa vinane kwa wilaya nne. Msimu wa mvua, kwa maporomoko na magari kuteleza, simu zilikuwa nyingi kuliko vipanga, na simu mbili zikigombea kimoja lazima mtu aseme kiende wapi kwanza. Mtu huyo alikuwa na sekunde nane. Subilaga aliambiwa kila mwaka kwamba hakuna aliyewahi kukalia kiti kile akaamua vizuri kuliko yeye. Walimpa hadi ngao ya mbao, ambayo sasa aliitumia kuzuia mlango wa kibanda usipigwe na upepo.

Alipoacha, hata kushika kikombe cha chai kilichojaa ilikuwa shughuli, kwa jinsi mikono ilivyotetemeka. Aliandika barua ya mistari minne, akapanda basi, akaja nyumbani. Wenzake walidhani atarudi baada ya wiki. Alikuwa ameshawahi kuacha mara mbili na mara zote mbili akarudi, lakini hii ya tatu ilikuwa ya kweli.

Ila hakuondoka mzima. Kila mwamuzi alivaa kofia ya nyuzi za shaba, nyepesi kama wavu wa nywele, na kofia ile ilisoma kila kitu: jicho lilianza kutazama wapi, moyo ulikwenda mbio kwa sauti ipi, neno gani lilimfanya aamue kabla mwenyewe hajajua kuwa ameamua. Kwa miaka kumi na mmoja yote hayo yalikusanywa yakawa Mwenza. Sheria ya nchi ilisema hakuna mashine itakayoamua juu ya uhai wa mtu isipokuwa kwa niaba ya mtu aliye hai. Basi Subilaga alipoinuka kwenye kiti, Mwenza wake alikikalia, na kila uamuzi ulitoka kwa jina la Subilaga. Kilichotakiwa kwake kilikuwa kitu kimoja kwa mwaka: kusikiliza simu kumi zilizorekodiwa, kisha kuweka dole gumba chini ya maneno haya, *Hivi ndivyo ningeamua mimi.*

Mwaka wa kwanza aliweka dole bila kusikiliza hata moja. Mwaka wa pili vilevile. Alikuwa na miavuli ya watu.

&nbsp;

Mzee yule alikuja siku ya Jumatano, akakaa mwisho wa benchi, akawapisha wote waliokuja baada yake. Alikuwa mrefu, amevaa koti la mvua la wachuma chai lililomfika magotini. Benchi lilipobaki na yeye peke yake, alinyanyuka na kumpa Subilaga mwavuli mweusi.

Subilaga aliufungua, akaukunja, akauzungusha. Alipapasa kila ubavu.

"Mwavuli huu ni mzima, mzee wangu."

"Najua."

"Sasa nitengeneze nini?"

"Nilitaka kuona kama utaniambia," alisema mzee. Akaketi tena, safari hii karibu na meza. "Naitwa Mwakalobo. Natoka Lupando, kule juu. Wewe ndiye Subilaga Mwaisaka?"

"Ndiye mimi."

Mzee Mwakalobo alitoa simu mfukoni, akaifuta maji kwa upande wa ndani wa koti, akaiweka mezani kati ya koleo na uzi. Kwenye kioo kulikuwa na ujumbe ambao Subilaga aliufahamu kabla hajausoma, kwa sababu aliwahi kuutunga yeye na wenzake kwenye kikao kirefu. *Tunakupa pole. Uamuzi huu ulifanywa kwa niaba ya Subilaga Mwaisaka.* Tarehe ilikuwa ya Januari. Siku ile, akikumbuka vizuri, alikuwa hapahapa akishona mwavuli wa mwalimu mkuu.

"Ni nani, mzee?"

"Mke wangu. Tusekile. Alikwenda kukata majani ya ng'ombe kwenye mteremko, akateleza, mundu ukamkata pajani." Alionyesha kwenye paja lake mwenyewe. "Damu ilikuwa nyingi. Nilipiga simu."

Subilaga aliweka koleo chini. Mambo ya zamani hayakumwacha asubiri: alikuwa tayari anauliza umbali, hali ya hewa, kilichotokea kwingine saa ileile. Aliyachukia masikio yake kwa hilo, lakini aliuliza. "Kipanga kilikuwa wapi?"

"Kiwira. Gari la chai lilipinduka na watu watatu. Nilikuja kuambiwa baadaye."

Watatu kwa mmoja. Subilaga alilimeza jibu, kisha akaona kulimeza ni ule ule ufundi wa kesho. "Hata mimi ningekipeleka Kiwira, mzee wangu. Nisikudanganye."

"Najua ungekipeleka. Watatu ni wengi kuliko mmoja, hata Tusekile angesema hivyo, alikuwa akigawa chakula utadhani anapima kwa mizani. Sikuja kwa hilo." Mvua ikapiga bati kwa muda. "Nimekuja kwa lile neno. Nilipopiga, sauti ilisema, 'Msaada uko njiani.' Kisha ikakata. Sauti nzuri, ya mwanamke. Sasa nakusikia, naona ilikuwa yako."

Subilaga aliinamisha macho kwenye ile simu mezani.

"Kwetu mtu akiumia vijana hawaitwi, wanakuja. Walikuja sita na machela ya mianzi. Zahanati iko barabarani, kwa mwendo wa vijana wale ni dakika ishirini na tano, na pale kuna muuguzi anayejua kuzuia damu. Walikwisha kumlaza. Walikwisha kumnyanyua. Mimi nikawaambia, jamani, shusheni. Msaada uko njiani." Aliinua kiganja na kukishusha taratibu mpaka kikagusa meza. "Mimi ndiye niliyesema ashushwe. Tukakaa tukitazama angani dakika arobaini na nane. Kipanga kilipokuja, kilikuja kweli, siwezi kusema nilidanganywa. Hata ninyi mafundi mkisema kesho, kesho huwa inafika."

Hakukuwa na ukali kwenye sauti yake, na hilo lilimuumiza Subilaga kuliko matusi. Machozi yalimjaa, akayaacha yatoke.

"Swali langu ni moja tu, mwanangu," alisema mzee. "Ungekuwa wewe mwenyewe kwenye simu, siyo hicho kitu chako, ungeniambia kwamba kipanga kimekwenda kwingine?"

Angeweza kusema ndiyo. Mzee angeondoka na kitu mkononi. Lakini mwavuli mzima ulikuwa bado mezani, na alikwisha kuambiwa kwa nini uliletwa.

"Wakati ule nikiwa kule, nisingekuambia," alisema. "Lile neno ni langu. Mimi ndiye niliyekifundisha."

Akamsimulia, kwa mara ya kwanza kumsimulia mtu yeyote. Mwaka wake wa pili kwenye kiti, simu mbili ziligongana. Ile ya pili ilikuwa ya baba mmoja aliye peke yake na mtoto kwenye shamba la mbali. Subilaga, akiwa bado mgeni wa kazi, alimwambia ukweli: ndege imekwenda kwingine, ni dakika kumi na moja. Yule baba hakuwa na jirani, hakuwa na machela, hakuwa na la kufanya na ukweli ule. Alibaki kwenye simu akimsihi Subilaga abadilishe, dakika zote kumi na moja, na nyuma ya sauti yake Subilaga alisikia pumzi za mtoto zikienda zikipungua. Toka siku hiyo alijifunza kusema msaada uko njiani na kukata kabla mtu hajavuta pumzi ya kuuliza. Na kofia ilikuwa kichwani. Iliandika maneno, ikaandika na ile haraka ya kukata.

"Walidhani ni busara," alisema. "Ilikuwa hofu yangu tu, mzee. Wameipa kiti."

Mzee Mwakalobo aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa tundu alilokuwa akilitafuta. "Na leo?"

"Leo ningekuambia."

"Haya." Alichukua simu yake na mwavuli wake. Mlangoni aligeuka. "Lakini usinielewe vibaya. Sikuja ukizime. Mjukuu wangu alijifungulia humohumo angani mwaka juzi, bila kitu hicho tungezika wawili. Mtoto wanamwita Kipanga, nimekataa lakini nani anamsikiliza mzee siku hizi. Fanya utakavyoona. Mimi nataka tu asiwepo mtu mwingine wa kusema shusheni."

"Nimekusikia, baba."

"Ndaga," alisema mzee, yaani asante, akafungua mwavuli wake mzima na kwenda.

&nbsp;

Ambokile alikuja Ijumaa, kama alivyokuja kila mwaka, na kile kibao cha kuwekea dole kwapani. Alikuwa mkuu wa waamuzi, mtu mwema aliyezeeka usoni kabla ya mwili, na yeye na Subilaga walianza kazi wiki moja. Soksi zake zilikuwa zimelowa. Alikaa kwenye benchi, akavua viatu bila kuomba radhi, akapokea chai ya tangawizi.

"Dada, weka dole nikimbie. Juzi tumekuwa na simu mia tatu kwa siku moja."

"Leo nitasikiliza."

Ambokile alimtazama. "Zote kumi?"

Alisikiliza zote kumi, sikio moja kwenye kifaa na mikono ikiendelea kuunga ubavu wa mwavuli wa mtoto wa shule. Kila aliposikia simu mbili zikigongana alisema moyoni kipanga kiende wapi, na kila mara Mwenza alisema vilevile, upesi kuliko yeye, hata kwenye zile ngumu ambazo mtu angeona haya kuchagua. Ilikuwa kama kujikuta kwenye picha ukiwa kijana. Alijivunia kidogo, lazima tukiri. Kisha kila mara ilifuata sauti yake mwenyewe, laini, ikisema msaada uko njiani kwa yule wa pili, na mlio wa simu kukatwa. Mara ya nne aliuweka ubavu chini.

Zilipoisha alivua kifaa. "Siwezi kuweka dole."

"Ameamua vibaya wapi?"

"Hajaamua vibaya popote. Anawadanganya wa pili."

Ambokile alikunywa chai yote kabla ya kujibu. Hakuwa mpumbavu, na jambo hili alikuwa amelala nalo kwa miaka. "Nikuambie tulichokiona kabla hujaanza kukata simu? Watu wakiambiwa ukweli wanambeba mgonjwa. Wengine wamebeba mtu aliyevunjika shingo. Wengine wamefika njiani na mgonjwa, kipanga kikatua kwenye uwanja mtupu, tukapoteza dakika ishirini kuwatafuta migombani. Ukweli nao unaua, dada. Sina hesabu ya kukuambia upi unaua zaidi. Wewe unayo?"

"Sina."

"Sasa?"

"Sasa hati haisemi 'Hivi ndivyo inavyofaa'. Inasema hivi ndivyo ningeamua *mimi*. Mimi si huyo tena, Ambokile. Huyo ni mtu aliyekuwa anaogopa, na mimi nimemwacha kule na jina langu, anawadanganya watu kimyakimya."

Ambokile aliinama, akaanza kukamua soksi moja. Alipoongea tena sauti ilikuwa ya chini. "Usipoweka dole, kesho saa sita mchana Mwenza anazimwa. Ni sheria. Kiti kinabaki wazi, na waamuzi walio hai nilio nao ni wawili, na Lugano ana mimba ya miezi minane. Ni Aprili, Subilaga. Unajua Aprili. Watu ishirini, pengine thelathini, mpaka nipate mwingine. Sikutishi, nakueleza tu."

Alikuwa anaeleza kweli, na hilo ndilo lililokuwa baya. Subilaga alitazama kibanda chake. Miavuli tisa ilining'inia kwenye waya, kila mmoja na kipande cha kitambaa chenye jina la mwenyewe na siku ya kuuchukua. Akiweka dole, ataendelea na hii tisa, na Mwenza ataendelea kuokoa watu na kuwaambia wengine washushe machela. Asipoweka, kuna watu ishirini milimani ambao leo wanakula ugali wao bila kujua kwamba wamo kwenye mazungumzo haya. Alitamani sana kuwa mtu asiyejulikana jina.

"Anaweza kufundishwa upya?" aliuliza.

Ambokile aliinua kichwa. Ilionekana hilo alikuwa nalo mdomoni tangu alipoingia, ila hakutaka kuwa yeye wa kulisema. "Na wewe tu. Kofia kichwani, simu za kweli, si za kuigiza. Za kuigiza moyo haudanganyiki. Simu za pili mia moja, uzijibu kwa namna mpya. Kwa mvua hii ni siku kumi na mbili. Na siku hizo, kwa kuwa utakuwa kwenye kiti mwenyewe, sheria haitulazimishi kumzima."

Simu za pili mia moja. Si zile za kuchagua, maana kuchagua alikuwa akikuweza hata usingizini. Ni kuwaambia mia moja kwamba si wao. Ile moja ya yule baba ilimchukua miaka tisa kuikimbia, na alipopata hatimaye kazi ya kuunga mbavu za miavuli alidhani amefika mbali vya kutosha.

"Nikifika pale mtasema nibaki," alisema.

"Nitasema," Ambokile alikiri. "Siwezi kukuahidi kwamba sitasema."

"Na mimi nitaondoka."

"Mara mbili ulirudi."

"Mara mbili nilikuwa sina pa kwenda. Sikuwa na kazi ninayoipenda, nilikuwa na uchovu tu." Alichukua kalamu na kipande cha kadibodi, akaandika kwa herufi kubwa: MIAVULI YA WATU TISA ITAKUWA TAYARI MEI TAREHE MBILI. SI KABLA. AZIMENI. Alizihesabu zile siku kumi na mbili, akaona ni kweli, akakining'iniza mlangoni.

Ambokile alikisoma huku akivaa viatu. "Watakununia."

"Wakinuna watakuwa wakavu," alisema Subilaga.

&nbsp;

Chumba kilikuwa kilekile: kuta za sufi, mwanga wa samawati, hakuna dirisha, kana kwamba nje hakuna nchi. Wafanyakazi wapya walimwamkia kwa heshima ya kupindukia, maana walizoea kusikia sauti yake mchana kutwa na sasa iliwajia na mwili. Lugano, mwenye tumbo lake kubwa, alimkumbatia kwa ubavu. Walimvika kofia ya nyuzi. Ilimkaa vizuri, nywele zilikumbuka. Mwenza aliwekwa upande wa kusikiliza tu, taa yake ndogo ya kijani ikiwaka kwenye kona ya meza.

Ambokile alisimama nyuma ya kioo. Ilikuwa saa nne asubuhi ya Jumamosi, na kwenye ramani mvua ilifunika wilaya zote nne.

Simu tatu za kwanza hazikugongana na kitu. Vipanga vilikuwepo, vikatoka. Alikuwa ameanza kupumua. Kisha mistari miwili ikawaka pamoja, na kipanga kilichobaki kilikuwa kimoja.

Wa kwanza alikuwa mkunga wa kijiji: mama amejifungua, damu haikatiki. Wa pili alikuwa mwanamke ambaye mumewe ameanguka kutoka kwenye mparachichi. Anaongea lakini hasikii miguu. Subilaga aliamua kwa sekunde tatu. Kipanga kilikwenda kwa mzazi. Mkono haukumtetemeka hata kidogo. Zilibaki sekunde tano, na huko nyuma hizo ndizo alizokuwa akitumia kukata.

Kuanguka mtini. Hasikii miguu. Aliona mara moja kilichomngoja: huyu ni mtu asiyefaa kubebwa. Machela haitamfaa. Ukweli hautampa mwanamke yule kitu cha kufanya, zaidi ya kuujua. Katika simu mia moja, Mungu amempa hii iwe ya kwanza, ndugu kabisa wa ile ya yule baba. Neno la zamani lilikuja lenyewe mpaka kwenye ulimi, laini, limeshiba mazoezi, na taa ya kijani ikangoja kuona atafanyaje.

"Dada," alisema, "nisikilize vizuri. Kipanga kimekwenda kwa mtu mwingine kwanza. Chako kitafika baada ya dakika thelathini na mbili."

Sauti ikapasuka. "Kwa nani? Kwa nani kwanza? Huyu anakufa hapa!"

"Kwa mama anayetoka damu. Mimi ndiye niliyechagua."

"Wewe nani wa kuchagua?"

"Naitwa Subilaga. Usimnyanyue, dada. Asisogezwe hata kidogo, mwekeeni nguo huku na huku shingoni. Kuna watu karibu?"

Mwanamke hakujibu swali. Alimtukana. Alimtukana yeye, na mama yake, na kituo, na kila mwenye kukaa pakavu akagawa uhai wa wenzake kama karanga. Subilaga alisikiliza. Nyuma ya kioo Ambokile alipitisha kidole shingoni: kata, imetosha, ameshaambiwa. Ilikuwa huruma, hakuwa na nia mbaya. Mistari mingine iliwaka na Lugano akaichukua. Subilaga alitikisa kichwa kwa Ambokile. Jasho lilimtoka chini ya kofia, na kila neno la yule mwanamke lilimchoma, na aliogopa, aliogopa kama siku ile ya mwaka wa pili, wala asingeweza kusema kwamba miavuli ilimponya. Hakukata.

Matusi yalikwisha yenyewe, kama yanavyokwisha. Zikabaki pumzi.

"Bado upo?" mwanamke aliuliza.

"Nipo."

"Thelathini na mbili ulisema?"

"Sasa ni ishirini na tisa."

Simu iliwekwa mahali, pengine kwenye majani, maana mvua ilisikika kwa karibu. Mwanamke alikuwa anapiga kelele sasa, lakini si kwake; alikuwa anaita watu. Sauti zikaanza kufika, miguu kwenye matope, mtu akisema Yesu wangu, mtu mwingine akisema tumnyanyue tumpeleke barabarani.

"Msimguse!" yule mwanamke alifoka. "Amesema asisogezwe! Ndege imekwenda kwingine, zimebaki dakika ishirini na tisa, leteni nguo za kumkingia shingo!"

"Nani kasema?" sauti ya kiume iliuliza, yenye mashaka. "Si ni ile mashine yao?"

Subilaga alisikia simu ikiokotwa kutoka kwenye majani, ikifutwa kwenye kitenge.

"Siyo mashine," alisema mwanamke yule. "Ni mtu. Nimemtukana na hajakata."